Pengo la milimita tano: kisa cha urembo wa makabati ya jikoni, Ngamiani, Tanga

Ukisimama mlangoni pa jiko la mama mdogo, ukainua macho kwenye pembe ambapo makabati ya ukuta mrefu yanakutana na yale ya ukuta mfupi, unaona mikanda miwili ya urembo, ya mbao ya mtiki, imekutana juu yake. Leo imekutana. Mwaka jana, mwezi wa pili, ilikuwa imekaribiana tu. Nyuma, karibu na boksi la kabati, mbao ziligusana vizuri, lakini kadiri zilivyokuja mbele ndivyo zilivyoachana, na kwenye ncha palibaki pengo la milimita tano, yaani njiti mbili za kiberiti zilizolala pamoja. Kazi ile niliifanya mimi, na nilikuwa nimekata kila kipande nyuzi 45 barabara.

Naandika kisa hiki chote kwa sababu wengi wetu tunaojifanyia kazi ndogo za nyumbani tunakwama mahali hapa hapa, kisha tunalaumu kitu kisicho na kosa. Mimi nililaumu msumeno, na jirani akalaumu mbao. Aliyeniuzia mkanda aliniambia ninunue kisanduku kipya cha kukatia pembe, kile chenye nafasi za kuongoza msumeno. Sote tulikuwa tunaangalia kiungo, na kosa halikuwa kwenye kiungo.

Nyumba ni ya kawaida ya Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kuna ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma. Jiko la zamani lilikuwa uani chini ya bati. Miaka kadhaa iliyopita mjomba alijenga chumba cha jiko cha matofali ya saruji, akakiunganisha na nyumba, kisha fundi akaja kutundika makabati: matatu ukuta mrefu, kila moja sentimita 80, na mawili ukuta mfupi. Maboksi ni ya blokbodi na milango ni ya mbao. Ni makabati mazuri, yanafunga vizuri. Ila yalikuwa yameachwa vichwa wazi, na juu yake vumbi na mafuta ya kukaangia yalishikana mpaka yakawa kama lami. Mama mdogo alitaka mkanda wa urembo juu, unaotokeza mbele ya milango kama ukingo wa kofia, na mkanda mwembamba chini wa kuficha taa.

Mbao haikunisumbua kuchagua. Muheza si mbali, na mtiki wa shamba la Longuza unafika kwa wauza mbao wa mjini. Ni mbao inayovimba na kusinyaa kidogo ukilinganisha na nyingi, na kwenye mji wa bahari ambako hata chumvi ya mezani hushikana, hilo ni jambo kubwa. Mikanda ya MDF, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ipo na ni rahisi kukata, lakini mvuke wa sufuria ya wali ukiipiga kila siku kwenye ncha isiyopakwa rangi, inafura na hairudi. Nikachagua mtiki: upana milimita 70, kwenda juu milimita 36. Katika ule upana, 30 zinakaa juu ya boksi na 40 zinatokeza mbele. Hizo 40, 18 za kwanza zinafunika unene wa mlango na zinazobaki ndiyo urembo wenyewe unaoonekana.

Siku ya kwanza ilikwenda haraka mno. Nilipima, nikaweka mkanda kwenye kisanduku, nikakata nyuzi 45 kila upande, nikapandisha. Pembe ya nje, ile ya mwisho wa kabati la tatu ambapo mkanda unageuka kurudi ukutani, ilifunga kama kifuniko cha sufuria mpya. Nikafurahi. Nikaenda pembe ya ndani, ile ya kona ambapo kuta mbili zinakutana, na hapo ndipo pengo lilipojitokeza. Nikalegeza, nikasukuma, nikakaza skrubu kwa nguvu ili mbao ziburutane. Zikaburutana kidogo. Lililobaki nikalijaza puti niliyochanganya na vumbi la mtiki, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Kwa mbali hukuona kitu.

Masika ilipoanza, puti ikatoka. Haikudondoka yote kwa pamoja. Ilijisukuma mbele kama ulimi, ikapasuka katikati, na asubuhi moja mama mdogo akakuta vipande vyake ndani ya ungo wa mchele. Akanipigia simu. "Baba, lile pambo lako linatema."

Hilo la kutema lina sababu yake, na ilinichukua muda kuielewa. Mbao ikipata unyevu hunenepa kwa upana, lakini kwa urefu haibadiliki kiasi cha kuona. Ukate nyuzi 45 wakati wa kaskazi kavu, mvua ikija upana unaongezeka na urefu uko pale pale, kwa hiyo ile pembe uliyokata yenyewe inapanuka kidogo. Kwenye pembe ya ndani maana yake ncha za mbele zinasogeleana. Kama katikati yake umejaza kitu kigumu kisichobonyea, kitu hicho hakina pa kwenda ila nje. Puti ni ya tundu la msumari. Haikuumbwa kushika nafasi ya mbao katikati ya mbao mbili zinazopumua, na mtu akinionyesha kiungo cha pembe kilichojazwa puti, hata kiwe kimepakwa vizuri namna gani, siwezi tena kukiita kimekwisha.

Nikaondoa mikanda yote, nikaiweka sebuleni juu ya mkeka, nikaanza upya kwa kujiuliza maswali badala ya kukata.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi na lilipaswa kuja mwanzo kabisa. Msumeno ni ule ule, kisanduku ni kile kile, mbao ni ile ile. Kwa nini pembe ya nje ifunge na ya ndani iachie? Kisanduku kama kingekuwa kimepinda, pembe zote mbili zingeharibika. Kwa hiyo kisanduku hakina kosa. Tofauti ya pembe hizo mbili ni moja tu: ya nje imetengenezwa na kabati lenyewe, ambalo fundi alilikata karakana kwa skwea, kile kipimo cha pembe mraba, na ya ndani imetengenezwa na kuta mbili za chumba. Nyuzi 45 mara mbili ni 90. Kama kuta hazikutani kwa 90, nyuzi 45 hazina kazi pale.

Skwea ya seremala ni fupi mno kwa kupimia pembe ya chumba. Uvimbe mmoja wa plasta unaidanganya. Nilitumia ile njia ya tatu, nne na tano ambayo mafundi ujenzi huitumia kupiga msingi, nikaipunguza. Kutoka kona, kwenye uso wa makabati na si ukutani, nikapima sentimita 60 upande mfupi nikatia alama, sentimita 80 upande mrefu nikatia alama, kisha nikapima kutoka alama moja hadi nyingine. Pembe ikiwa sawa, lazima upate sentimita 100 kamili. Nilipata 102.2.

Kwa vipimo hivyo vya 60 na 80, kila milimita nane na kitu zinazozidi mia ni karibu uzi mmoja zaidi ya 90. Mimi nilikuwa na milimita 22 za ziada, yaani nyuzi mbili na nusu na zaidi. Sasa chukua mkanda wa milimita 70. Mstari wa kiungo, ule unaokatiza mshazari kutoka nyuma hadi mbele, una urefu wa karibu milimita 99. Achia mbao mbili kwa nyuzi mbili na nusu na ushee kwenye urefu huo, ncha zitaachana kwa kama milimita tano. Nilipomaliza hesabu hiyo kwenye kipande cha boksi la kadibodi nilikaa kimya kidogo. Pengo langu lote lilikuwa pale, limeandikwa, na msumeno haukuhusika hata kwa unywele.

Hapo ningeweza kukata nyuzi 46 na robo na kuondoka. Aliyenizuia ni mzee jirani, ambaye maisha yake yote amechonga ngalawa na kukarabati majahazi Sahare, na ambaye siku hizi anashinda barazani. Alipita kumjulia hali mama mdogo, akakuta mbao zimetandazwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umelibomoa tena?"

Nikamweleza habari za nyuzi. Alisikiliza, lakini macho yake yalikuwa juu ya makabati. Akaomba uzi wa kuvuta. Tukafunga mwanzo wa kabati la kwanza kwenye kona, tukauvuta mpaka mwisho wa kabati la tatu, ukakaza. Kwenye kona uzi uligusa boksi. Mwishoni uligusa. Katikati, pale kabati la kwanza linapokutana na la pili, palikuwa na nafasi ya milimita saba kati ya uzi na mbao, na pale la pili linapokutana na la tatu, milimita tatu.

Yaani kabati la kona lilikuwa limesimama kishazari. Mzee akapitisha kiganja ukutani pembeni, akaniambia nipitishe na mimi. Plasta kwenye kona ilikuwa nene. Ndivyo plasta inavyokuwa mahali pengi, mwiko haufiki vizuri pembeni na saruji inajikusanya. Ncha moja ya kabati ililala juu ya uvimbe huo wa kama sentimita moja, na ncha nyingine ikalala kwenye ukuta wenyewe. Fundi aliyetundika simlaumu. Milango ilifunga, rafu zilikuwa sawa kwenye pimamaji, na hakuna aliyemwambia kwamba siku moja utapita mkanda mmoja mrefu juu ya vyote vitatu. Makabati matatu yaliyo peke yake yanaweza kusimama kila moja kivyake na jicho likasamehe. Ukiyapigia mstari mmoja juu, jicho halisamehi tena.

Na hili ndilo ninalotaka kulisema katika kisa hiki chote: mkanda wa urembo unapima kazi iliyotangulia. Nilipokuwa nakaza skrubu kwa nguvu siku ya kwanza, nilikuwa napinda mbao ifuate makabati yaliyopinda, na mbao iliyopindwa kama upinde inavuta kila dakika kurudi ilikotoka. Na mvuto huo wote unaishia pale kwenye kiungo.

Kwa hiyo kazi ya siku ya pili haikuwa ya urembo kabisa. Tulitoa vyombo vyote. Nililegeza skrubu za kabati la kwanza na la pili bila kuzitoa, nikapenyeza kabari nyembamba za mbao ngumu nyuma, mbilimbili kutoka pande tofauti ili zikisukumana zibaki sambamba, mpaka maboksi yakaugusa uzi. Nikayabana kwa klampu yakiwa yamelingana uso na kichwa, nikayaunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa skrubu mbili kila kiungo, karibu na bawaba ambako hazionekani. Baada ya hapo ndipo nikakaza za ukutani. Mfuatano huu una maana: ukikaza ukutani kwanza, ukuta ndio unaoamua. Nafasi iliyobaki nyuma hakuna anayeiona, kwa sababu imezibwa na makabati mengine pande zote.

Kisha nikapima tena. Sentimita 101.8. Pembe imebadilika! Nusu uzi ya pembe ilikuwa ya kabati lililolala vibaya, na nyuzi mbili na kidogo ndizo za kuta. Kama ningekata kwa kipimo cha kwanza, halafu siku moja nikanyoosha makabati, kiungo kingeachia upande wa pili. Makabati yanyooshwe kwanza, pembe ipimwe baadaye.

Kisanduku changu kina nafasi za msumeno za 45 na 90 tu. Nilikuwa nawaza nitapata wapi chombo chenye namba. Mzee alicheka, akasema kwenye jahazi hakuna 45 hata moja na bado halivuji. Akachukua fito mbili za kama futi moja, akazipigilia msumari mmoja kwenye ncha zifunguke na kufunga kama mkasi, akazipandisha kwenye kona, akalaza kila fito kwenye uso wa makabati yake, akakaza kwa kidole, akashuka nazo taratibu kama aliyebeba kikombe cha chai iliyojaa. Akazilaza juu ya kipande cha plaiwudi, nikachora pande zote mbili kwa penseli iliyochongwa vizuri. Pembe ya jiko la mama mdogo ikawa chini pale, mbele yetu.

Kuigawa nusu ni somo la shule ya msingi. Weka ncha ya bikari kwenye kona, piga tao likatize mistari yote miwili. Kutoka kila mkatizo piga tao jingine kwa kipimo kimoja, na pale matao mawili yanapokutana, piga mstari mpaka kwenye kona. Mstari huo ndio njia ya msumeno. Sikuhitaji kujua ni nyuzi ngapi. Nilifunga zile fito zifuate nusu hiyo, nikapigilia kisanduku changu kipya kwa mbao tatu, nikahamishia mstari juu yake, nikaushusha kwa skwea pande zote mbili na kupitisha msumeno humo. Nikageuza fito nikakata nafasi ya upande wa pili. Kisanduku hicho hakifai kwa jiko jingine lolote duniani.

Kabla ya kugusa mkanda wenyewe nilikata vipande viwili vya majaribio vya sentimita 20 kutoka kwenye mabaki ya siku ya kwanza. Nikapandisha, nikavibana kwa mkono, mama mdogo akamulika kwa tochi ya simu kutoka upande wa pili. Ulipita mwanga mwembamba chini tu. Randa pitio moja. Mwanga ukazimika.

Mengine nayapita haraka. Kipande kigumu nilikikata kwanza, pembe ya ndani, upande wa pili nikauacha mrefu kwa sentimita kadhaa, kwani mkanda ukikosea kwenye ncha yenye ziada unakata tena, na ukikosea kwenye ncha isiyo na ziada umenunua mwingine. Mkanda wangu ulikuwa na urefu wa mita 2.4 na haukutosha ukuta mrefu pamoja na kutokeza, hivyo nikaunga kwa mshazari, na mshazari huo nikauelekeza upande ambao mtu anayeingia mlangoni anaona uso wake na si mdomo wake. Skrubu nilizipandisha kutoka ndani ya kabati, kupitia kichwa cha boksi, na kila moja nilitoboa tundu lake kwanza. Mtiki kwenye ukingo hupasuka kwa urahisi ukiulazimisha.

Jambo moja la kusimamia kidogo ni mafuta ya mtiki. Mbao hii ina mafuta yake ya asili, na gundi nyeupe ikiwekwa juu ya uso uliokatwa siku nyingi haishiki sawasawa. Nilipangusa nyuso za kiungo kwa kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi, nikasubiri ikauke, nikatia gundi hapo hapo, na nyuma ya kona nikaweka kijiti cha pembetatu kilichoshika mikanda yote miwili. Siku ya kwanza sikufanya lolote kati ya haya.

Milango nayo ilikuwa na lake. Nilipopandisha mkanda mara ya kwanza, mlango wa kabati la pili ulikwaruza ukifunguka, maana kichwa chake kilikuwa kimepanda juu ya boksi kwa milimita mbili. Badala ya kupiga randa mlango uliokwisha kupakwa, niliweka fito la milimita sita juu ya maboksi yote, nyuma kidogo lisionekane, mkanda ukakaa juu yake. Kivuli chembamba kinachobaki kati ya mlango na mkanda kimekuwa kizuri kuliko nilivyotarajia.

Mkanda wa chini nilikuwa nimepanga upite ukuta mzima. Juu ya jiko la gesi nikaukatiza. Mbao inayoning'inia juu ya moto ni hatari, urembo au si urembo, na mama mdogo ambaye alitaka mstari usiokatika tulibishana naye siku mbili. Mwishowe ncha hizo mbili nilizigeuza kwa kona ndogo ili zionekane zimekusudiwa. Alikubali, ingawa bado anapaangalia.

Masika moja imepita na vuli moja. Kiungo cha ndani kimebaki kimefungwa. Kwenye mvua kubwa za mwezi wa nne kulionekana unywele wa mstari nyuma, upande usioonekana kutoka chini, ukapotea kaskazi ilipoingia. Kisicho sawa mpaka sasa ni pale mkanda wa pembe ya nje unaporudi ukutani. Ukuta umelala, juu uko mbele kuliko chini, na nilikata kipande mraba nikaziba kwa silikoni nyeupe ambayo imeanza kugeuka rangi kwa mafuta ya samaki. Pale panataka kipande kipya, kisimamishwe ukutani, bikari ipitishwe kuchora mkondo wa plasta juu ya mbao, kisha kikatwe kufuata mchoro. Mbao ninayo, iko juu ya kabati la pili pamoja na zile fito mbili na msumari wao.